Vijiti vya Don Hertzfeldt Vimeninyima Usingizi

Saa nane za usiku, bando limebaki MB 140, na mimi bado nimeikodolea macho skrini ambayo imeshazimika yenyewe. Nimetoka kuiona World of Tomorrow kwa mara ya kwanza maishani. Dakika 17. Nikairudia. Nikairudia tena, safari hii nimezima sauti nione tu inavyokwenda. Kisha nikafumba macho nikaisikiliza bila picha. Ninaandika haya kabla sijapoa, kwa hiyo sentensi zikikimbia nivumilie, maana na mimi nimekimbizwa.

Najua, najua. Filamu ni ya 2015. Mwaka uleule ilibeba tuzo kuu ya filamu fupi kule Sundance, baadaye ikateuliwa kuwania Oscar, na mimi ninayejigamba kila kijiwe kwamba napenda katuni ndio kwanza naifikia leo. Niacheni na aibu yangu. Mwenye njaa haulizwi chakula kimeiva lini.

Mdogo wangu alipita nyuma yangu akielekea jikoni kunywa maji. Akachungulia juu ya bega langu.

"Kaka, hivyo si vijiti tu? Hata mimi naweza kuchora hivyo."

"Kaa hapo," nikamwambia.

Hakukaa. Alisimama na bilauri yake mkononi mpaka filamu ilipokwisha, na maji hakuyanywa.

Na ni kweli, ni vijiti. Don Hertzfeldt aliyeitengeneza, Mmarekani aliyezaliwa California mwaka 1976, amekuwa akichora vijiti tangu filamu zake za chuoni kule Santa Barbara katika miaka ya tisini: kichwa mviringo, mwili kiduchu, mikono na miguu mistari. Hana studio yenye watu mia. Kwa sehemu kubwa ya kazi ni yeye mwenyewe: anaandika, anachora, anahariri, mara nyingine hata kusimulia kwa sauti yake. Hafanyi matangazo ya biashara. Anaishi kwa kuuza filamu zake na kuzitembeza kwenye kumbi. Mwanzoni hayo yote yanaonekana kama habari za pembeni tu, lakini utaona yanavyoingia kwenye mchoro wenyewe.

Kwanza kisa, kwa haraka. Kuna mtoto anaitwa Emily. Chombo cha mawasiliano kinalia nyumbani kwao, mtoto anabofyabofya vitufe ovyo mpaka kinaitika, na kwenye skrini anatokea mwanamke mzima, naye anaitwa Emily. Ni nakala yake ya kizazi cha tatu, mtu aliyetengenezwa kutokana na yeye, anapiga kutoka miaka 227 mbele. Anamvuta mtoto mpaka kwake, kisha anamtembeza ndani ya kumbukumbu zake kama mtu anayemwonyesha mgeni albamu ya picha. Humo kuna jumba la makumbusho lenye mtu asiye na akili, ndani ya kioo, watu wanakuja kumtazama akikua. Kuna maroboti mwezini ambayo yametiwa hofu ya kifo, yanatembea daima kuufuata mwanga wa jua kwa sababu giza likiyakuta ndio mwisho wao. Kuna mapenzi ya mwanamke huyo na jiwe. Ndiyo, jiwe. Na inauma, nakuapia, jiwe lile linauma.

Sasa rudi mwanzo, zima sauti kama nilivyofanya mimi, utazame miguu.

Mtoto hatulii. Anaruka, anageuka, anakimbilia rangi inayopita, anasimama, anasahau alikokuwa anakwenda. Mwili wake mzima ni mistari sita, saba tu, na kila mstari una haraka zake. Nakala yake ya mbele hatikisiki. Amesimama kama nguzo ya umeme, kinachofanya kazi ni kipande cha mdomo tu. Kabla hujasikia neno moja unajua nani kati ya hao wawili ana uhai ndani yake na nani anaukumbuka kwa mbali. Nimeona filamu za mamilioni ya dola ambamo kila unywele wa mhusika umehesabiwa na bado sikujua anasikitikia nini. Huyu kafanya kwa kumnyima mtu mmoja mwendo na kumpa mwenzake wote.

Halafu kuna kutetemeka. Tazama mhusika yeyote aliyesimama tu, hafanyi lolote. Mistari yake haitulii. Inatikisika kidogo sana, kama taa ya kibatari kwenye chumba kisicho na upepo. Wachoraji wa mkono wanaijua siri hii: pozi lilelile linachorwa mara mbili au tatu, moja juu ya jingine kwa kufuatiza, kisha michoro hiyo inapokezana. Hakuna mkono unaoweza kupiga mstari uleule mara mbili, basi tofauti zile ndogo zinageuka kuwa pumzi. Ukiiacha picha moja ikae imekufa, mtazamaji anaihisi maiti mara moja. Ukipokezanisha mbili, kijiti kinapumua.

Hapo ndipo mdogo wangu alipokosea, na nilimweleza asubuhi wakati wa chai, akakubali huku akinuna. Sekunde moja ya sinema ina fremu 24. Kwa desturi ya wachoraji, mchoro mmoja hukaa fremu mbili, kwa hiyo michoro 12 kwa sekunde. Zidisha: dakika 17, sekunde 60, michoro 12. Unapata 12,240. Bila shaka si kila sekunde inadai michoro yote hiyo, pozi nyingine zinarudiwa, lakini shika tu ukubwa wa mlima. Sasa niambie, kama kila mchoro una nywele, vifungo vya shati na kivuli cha pua, mtu mmoja atamaliza lini? Kijiti ndicho kinachompa mtu mmoja nafasi ya kuifikisha filamu mwisho akiwa bado na hamu nayo. Na kwa kuwa hakuna pua ya kuchora, nguvu yote inakwenda kwenye kuamua: lini asimame, lini ageuke, nukta ngapi za kimya kabla hajajibu.

Kumbe World of Tomorrow ilikuwa filamu yake ya kwanza kuichora kwenye kompyuta. Nilipolijua hilo nilikaa kitandani nikacheka peke yangu. Kwa miaka mingi kabla ya hapo alikuwa akichora kwa penseli kwenye karatasi, kisha anapiga picha kila karatasi, moja moja, kwa kamera ya filamu ya milimita 35 iliyotengenezwa miaka ya arobaini, dude la chuma linalotazama chini kwenye meza. Lilikuwa mojawapo ya mashine za mwisho za aina yake zilizokuwa bado zinafanya kazi Marekani. Basi sikulala tena. Nilikwenda dukani kununua bando jingine (mwenye duka alinitazama kama mgonjwa) nikaanza kuzifukua zile za zamani.

Mwenzangu, hebu tuongee kuhusu It's Such a Beautiful Day.

Hii ilianza kama filamu fupi tatu, za 2006, 2008 na 2011, zikaunganishwa mwaka 2012 kuwa moja ya saa moja na dakika mbili hivi. Mhusika ni Bill, kijiti kilichovaa kofia, ambaye ubongo wake unaharibika taratibu. Na skrini yenyewe inaharibika naye! Sehemu kubwa ni nyeusi tii. Katikati ya weusi huo kuna dirisha la duara, ndani yake Bill yuko kituo cha basi. Kisha pembeni linafunguka duara jingine, humo kuna uso wa mtu anayeongea. Kisha la tatu: jani, picha halisi ya jani. Madirisha matatu yanacheza kwa pamoja, kila moja na shughuli yake, na wewe macho yako hayajui yatulie wapi, ndipo unapogundua kwamba hivyo ndivyo Bill anavyojisikia akiwa amesimama tu akingoja basi.

Nilidhani ni kompyuta. Leo jambo hilo lingemchukua mtoto wa sekondari dakika kumi kwenye programu ya kuhariria. Lakini hakutumia kompyuta kuyaunganisha. Yalifanyika ndani ya kamera, na namna yalivyofanyika imenitoa jasho kwa kuisoma tu.

Fikiria hivi. Filamu ni utepe unaokula mwanga. Penye mwanga panaandikwa, pasipo na mwanga panabaki patupu, pakingoja. Unachukua karatasi nyeusi, unatoboa tundu moja upande wa kushoto, unaiweka chini ya lenzi. Sasa kamera inaona kwa jicho hilo moja tu. Unapiga fremu zako za Bill kituoni, moja, mbili, tatu, tuseme mpaka 240, ambazo ni sekunde 10. Kisha unafunga lenzi isiingie hata chembe ya mwanga, unaurudisha utepe wote nyuma mpaka fremu ya kwanza, kamili, sio ya pili. Unatoa karatasi ile, unaweka nyingine yenye tundu upande wa kulia. Unapiga tena fremu 240, utepe uleule, safari hii uso unaoongea. Unarudisha tena. Unaweka ya tatu. Jani.

Ukikosea kuhesabu fremu moja, Bill anageuka kabla hajaitwa. Tundu la pili likiingia kidogo kwenye eneo la la kwanza, unapata kovu jeupe lisilofutika. Ukiharibu ya tatu umeziua na mbili za mwanzo, kwa maana zote ziko kwenye utepe mmoja. Na huoni chochote! Huna skrini ya kuangalia. Unapeleka utepe maabara ukasafishwe, unakaa nyumbani unangoja kama mtu aliyepeleka posa. Huyu bwana alifanya hivyo kwa miaka, dirisha juu ya dirisha, na maandishi juu ya madirisha.

Ndiyo maana weusi wa filamu ile haufanani na weusi wa programu. Una vumbi. Una punje. Kingo za madirisha ni laini, kana kwamba picha inatokea majini. Kuna mahali mwanga unamwagika ambapo sidhani aliupangia, na hakuufuta.

Kabla ya hapo kuna Rejected ya mwaka 2000, dakika tisa, nayo iliteuliwa Oscar. Inajifanya kuwa mkusanyo wa matangazo ya katuni yaliyokataliwa na wateja. Ni vichekesho vya ajabu ajabu ambavyo sitavieleza hapa kwa kuwa vikielezwa vinakufa. Ninachotaka uone ni dakika ya mwisho. Ulimwengu wa vijiti unaanza kuporomoka, na kinachoporomoka ni karatasi. Karatasi halisi, inakunjwa, inafinyangwa, inachanika mbele ya kamera, hatua kwa hatua, fremu kwa fremu, na vijiti vilivyochorwa juu yake vinahangaika kukimbia mikunjo. Kijiti kinakimbia mkunjo wa karatasi ambayo kinaishi juu yake! Niliusimamisha utepe, yaani video, nikaenda kuosha uso.

Nikawaza nikiwa pale bombani. Mtu huyu, katika zana zake zote za zamani, amekuwa akiacha mlango wazi kwa kitu ambacho hakukipanga. Karatasi inakunjika itakavyo yenyewe. Mwanga unavuja. Vumbi linatua. Mkono unatetemeka. Yeye anakubali, anakitengenezea nafasi, anakiweka kwenye kazi. Basi alipohamia kompyuta mwaka 2015 aliingia mahali pasipo na vumbi. Tableti haina mwanga unaovuja. Ukikosea unarudi nyuma kwa kubofya, kosa halikuwahi kuwapo. Ajali yake ataipata wapi?

Akaipata kwa mtoto wa miaka minne.

Sauti ya Emily mdogo ni ya mpwa wake. Na hakumpa mistari ya kusoma, maana mtoto wa miaka minne huwezi kumwelekeza, unaweza kumfuata tu. Alimrekodi akichora, akicheza, akisimulia mambo yake ya kitoto, akiuliza, akipotea njia katikati ya neno. Kisha akakaa na sauti hizo, akachagua vipande, na akayaandika maneno ya nakala ya mtu mzima yazunguke vipande hivyo. Fikiria ugumu wake: nusu moja ya mazungumzo imeshapatikana, haibadiliki, haina mantiki, na wewe unaitungia nusu ya pili ili pawe na hadithi ya kifo, kumbukumbu na upweke wa karne mbili zijazo. Mwanamke anaeleza mwisho wa dunia, mtoto anajibu kuhusu rangi aliyoiona. Ukiisikiliza kwa macho yaliyofumbwa kama nilivyofanya, unasikia kabisa kwamba hakuna anayeigiza upande ule. Upande wa pili yuko Julia Pott, naye mwenyewe ni mtengenezaji wa katuni, na sauti yake ameibana ikawa bapa kama sakafu. Bapa na mawimbi. Ni jambo lilelile la miguu, sasa masikioni.

Ndiyo maana nasema hakuiacha ile kamera yake ya chuma. Aliibadilisha ikawa mtoto.

Na picha za huko mbele zenyewe, mama yangu! Nyuma ya vijiti kuna ulimwengu ambao hauna kitu unachoweza kukitaja jina. Mistari inapishana, miraba ya rangi inaelea, vijia vinapinda vikapotea, matabaka juu ya matabaka yanateleza kila moja kwa mwendo wake, na mtoto anapita katikati akiyagusa. Kwenye kompyuta ukiweka matabaka mengi hivyo kazi kwa kawaida inageuka kachumbari. Hapa haigeuki, kwa sababu katikati kuna kitu kimoja cheusi na chembamba ambacho jicho halikipotezi. Kijiti ni sindano, yale mengine yote ni nguo. Kuna sehemu nakala anaeleza namna watu wanaojaribu kusafiri katika wakati kwa mashine duni wanavyokosea na kutupwa angani, wanaungua wakishuka. Tunachokiona ni anga la usiku na vimondo. Vistari vya mwanga tu, vizuri sana, vinashuka polepole. Ukishajua ni nini hutaki kuendelea kuvitazama, na unavitazama.

Nilale kwanza.

Nimelala kwa saa tatu. Ni mchana sasa, mwandishi bado hajapoa, na amefanya ujinga.

Nilinunua karatasi ya manila nyeusi na wembe. Nimechora vijiti viwili kwenye karatasi moja, kimoja kushoto, kimoja kulia. Nikafunga simu juu ya viti viwili kwa mpira wa baiskeli, ikitazama sakafuni. Simu yangu ina mpangilio wa kuiacha lenzi wazi kwa sekunde 30, ule unaotumika kupiga nyota. Nikafunga mapazia, nikaziba chini ya mlango kwa kanga, chumba kikawa kaburi. Mpango: naishika manila yenye tundu la kushoto chini ya lenzi, nawasha tochi sekunde nne, nazima. Gizani nabadilisha manila, tundu la kulia, tochi sekunde nne, nazima. Picha moja, madirisha mawili.

Jaribio la kwanza: nyeusi yote. Niliziba lenzi kwa kidole. La pili: madirisha yameingiliana, katikati pana lile kovu jeupe nililokuambia, nikahisi heshima kubwa sana kwa Hertzfeldt huko anakoishi, Austin, Texas. La tatu niligundua kwamba manila ikikaa karibu mno na lenzi ukingo wa tundu unayeyuka kabisa, ukiishusha unakaza. La nne nilikuwa nimeshapiga dirisha la kushoto vizuri, ninapapasa kutafuta manila ya pili, mlango ukafunguka.

"Kaka, umeme umekatika kwako tu au?"

"Funga mlango!"

Akaufunga, lakini baada ya kunyoosha mkono kutafuta swichi. Nikamaliza nilichoanza, kwa hasira. Picha ilipotokea kwenye skrini tuliitazama wote wawili bila kusema. Dirisha la kushoto: kijiti. Dirisha la kulia: kijiti. Na juu yao, hafifu, kama moshi, mkono wa mtu unaoshuka kutoka gizani kuwaelekea. Ndiyo picha nzuri kuliko zote nilizopiga mwaka huu. Mdogo wangu anadai jina lake liwekwe.

Hiyo ni picha moja, sekunde 30, ajali moja. Zidisha mara 24 kwa kila sekunde, kisha rudi kumtazama Bill pale kituoni.

Sitaki mtu adhani nimepofuka kabisa, kwa hiyo nitoe manung'uniko yangu hapa hapa. Nakala ya Emily anaongea Kiingereza kilichojaa istilahi za kubuni, kwa sauti isiyopanda wala kushuka, na kwa mara ya kwanza nilisimamisha mara nne ili nielewe sentensi moja. Unaposimamisha, mwendo unakatika, na mwendo ndio kila kitu hapa. Sehemu ya pili ya World of Tomorrow, ya 2017, nimeionja tu lakini tayari naona imeshona zaidi, mawazo matatu yanapita kwenye mlango mmoja. Ya tatu, ya 2020, ina dakika 34, sijaigusa, naitunza kama nyama ya mwisho kwenye sahani. Na kwa Oscar ya 2016 sina kinyongo: iliyoshinda ni Bear Story ya Chile, nayo nimeipenda, ila sikuwahi kufuata bando usiku kwa ajili yake.

Ushauri wangu kwa anayeanza: usianze na ile ndefu. Anza na World of Tomorrow, peke yako, kwa hedifoni, kisha Rejected ili ucheke, ndipo umwendee Bill. Ukimwanza Bill ukiwa na msiba wako mwenyewe, usinilaumu.

Jioni nilikwenda kwa dada kumwazima mtoto wake. Ana miaka minne na nusu. Dada alisema nimchukue ila nimrudishe ameshakula. Nikamkalisha na kalamu za rangi, nikaiweka simu mezani inarekodi, nikajaribu ukichwa maji wangu wa kwanza: nikampa mstari.

"Sema: nimetoka mbali sana."

"Kwa nini?"

"Sema tu, mama."

"Mbali wapi?"

Basi nikaacha, nikamfuata. Nina dakika 22 za sauti. Zaidi ya nusu ni kalamu ikikwaruza karatasi. Nilimuuliza akikua atakuwa nani. Akafikiri kwa muda mrefu, unasikia kabisa anavyofikiri, kuna pikipiki inapita nje, kisha akasema atakuwa mkubwa. Halafu? Halafu atakunywa soda yote. Kuna mahali anashika simu na kuuliza, "Mjomba, simu yako imekula nini, mbona ina homa?" Mwandishi gani angekaa mezani akaandika hivyo? Nimekaa miaka nikitunga mazungumzo ya katuni zangu na sijawahi kuandika sentensi yenye joto kama hiyo.

Nimeanza na sekunde tatu za homa ya simu. Michoro 36, karatasi nyeupe, penseli, kisha simu ileile iliyougua inapiga picha moja moja. Kichwa mviringo, kiwiliwili mstari, mikono mistari. Nikamwonyesha karatasi zikiwa zimetandazwa sakafuni kwa safu.

"Huyu ni mimi?"

"Ni wewe."

"Mjomba, mbona sina ndala?"

Kabla sijajibu alikuwa ameshainama na kalamu ya buluu. Alimvalisha mchoro mmoja, ndala mbili kubwa kuliko kichwa, akaridhika, akaenda kula. Ulikuwa mchoro wa saba. Ukiicheza, mtoto anaishika simu, anaitikisa, na kwa kufumba na kufumbua zinamtokea ndala za buluu miguuni, kisha hazipo. Nilishika karatasi safi niuchore upya ule wa saba. Nimeirudisha kwenye bunda.